Kwa mganga foleni, kwenye utafiti wa dawa hiyohiyo hakuna mtu. Tatizo ni nini?

#1 Mchaichai
Wakuu salaam.

Kazi yangu ni kutafuta washiriki wa majaribio ya dawa za asili. Taasisi sitaitaja na mtaa sitautaja. Dawa tunayoipima sasa ni ya kisukari, ya mizizi na magome. Miaka mingi inatolewa na mzee mmoja ambaye kila Jumamosi uani kwake hapakanyagiki. Watu wanatoka Mbagala, wanatoka Kibaha, wengine wanatoka mkoa. Mzee mwenyewe ameridhia dawa yake ipimwe, vibali vipo, kamati ya maadili imepitisha. Dawa tunatoa bure, vipimo bure, nauli tunarudisha.

Watu hawaji. Na wachache wanaokuja, nusu yao wakifika kwenye fomu ya ridhaa wanasema "ngoja nikamuulize mwanangu kwanza", na ndiyo imetoka hiyo.

Kwa mzee wanalipa na hawaulizi hata dawa imechanganywa na nini. Kwetu ni bure, na tunawaeleza kila kitu. Ofisini jibu ni lilelile kila mwezi: "elimu kwa jamii bado". Mimi silikubali. Nimekaa na hao watu kwenye mikeka yao, wanauliza maswali mazito kuliko tunayoulizwa na wakaguzi. Naomba maoni yenu, hasa ninyi mliowahi kuombwa mshiriki mkakataa.

#2 Kibatari
Mleta uzi umejibu mwenyewe bila kujua. Kwa mzee mtu anakwenda mara moja, anabeba chupa yake, kwaheri. Ninyi mnamtaka mara ngapi? Wiki ya kwanza, ya pili, ya nne, ya nane, na kila akija aje hajala, apimwe sukari, asubiri. Mama lishe akifunga siku moja, wateja wamehamia kwa jirani. Unamrudishia nauli ya daladala, hela ya siku nzima nani anamrudishia?

#3 Shangazi wa Chumbageni
Mwanangu Mchaichai, kabla ya nauli nijibu hili: mnachukua damu vichupa vingapi?

#4 Mchaichai
Shikamoo shangazi. Vichupa vitatu siku ya kwanza. Cha kifuniko cha zambarau ni cha kuhesabu chembe za damu, chekundu ni cha ini na figo, cha kijivu ni cha sukari. Vyote pamoja ni kama vijiko viwili vya chai.

#5 Shangazi wa Chumbageni
Marahaba. Sasa umeona? Wewe unaona vijiko viwili, mama yangu anaona vichupa vitatu. Sisi tuliokulia pwani tulilazwa mapema kwa hadithi za mumiani. Bibi zetu walisema wakati wa mkoloni hata gari la zimamoto likipita watu wanaingia ndani, kwamba ndilo linalokusanya damu ya watu ikatengenezewe dawa za wazungu. Leo unakuja na gari jeupe lenye nembo mlangoni, una glavu, una kisanduku cha barafu, unaomba damu ya mtu ambaye sukari yake unaweza kuipima kwa tone moja la kidoleni. Kila mtu mtaani ameona kile kimashine cha tone moja. Lazima ajiulize hiyo iliyobaki inakwenda wapi.

Mzee wa dawa hajawahi kumchoma mtu sindano.

#6 Mwana wa Kilifi
Hamjambo wadau, naandika kutoka Kenya. Shangazi asemayo huku tunayajua vizuri. Kilifi kuna kituo kikubwa cha utafiti wa tiba cha KEMRI tangu 1989, na maneno ya damu yalikuwepo tangu mwanzo: mara wanainywa, mara wanaiuza, mara ni waabudu shetani. Hawakushinda hayo maneno kwa vipeperushi. Walianzisha wawakilishi wa jamii, watu wanaochaguliwa vijijini, wanaokaa nao vikao na kupeleka malalamishi. Tena huchukua watu wakaingie maabara wajionee damu yao inafanywa nini. Maneno hayakuisha kabisa, lakini sasa mtu akisikia uvumi ana mahali pa kuuliza.

Mchaichai, watu wa mtaa huo wamewahi kuingia maabara yenu?

#7 Mchaichai
Hapana. Maabara ipo kilomita nyingi kutoka mtaani, na nakiri hakuna aliyewahi kulipendekeza.

#8 Tabibu wa Zamu
Niongeze la kliniki. Nipo kliniki ya kisukari hospitali ya wilaya. Nikimuuliza mgonjwa kama anatumia dawa za mitishamba, wote wananijibu hapana. Nikitoka nikapita nyuma ya jengo nawakuta wanaelekezana nyumba ya mganga. Wanaogopa kufokewa, na wana haki, maana wapo wenzangu wanaofoka kweli.

Sasa angalia utafiti wenu. Ili aingie lazima aseme ukweli: anakunywa nini, tangu lini, na aache kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza ili mjue matokeo yametokana na dawa ipi. Anayeitumia dawa ya mzee hataki kuiacha. Anayeiacha hana imani nayo, sasa aje kufanya nini? Mnabaki na kundi dogo la katikati. Hapo hatujawaondoa wenye figo mbovu, wajawazito, na wanaotumia insulini. Mnasema watu hawaji, mimi nasema wengi mmewafungia mlango wenyewe kwa vigezo.

Jingine: hakikisheni kibali cha mamlaka ya dawa, TFDA, kiko wazi pale mapokezi, watu wakione.

#9 Mlinzi wa Vibali
Tabibu, TFDA ilikwisha kuwa TMDA tangu 2019. Kwa majaribio ya dawa Tanzania Bara unahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kupitia kamati yao ya taifa, kisha kibali cha TMDA. Na lazima kuwe na bima kwa washiriki. Wangapi humu walijua kwamba mshiriki anakatiwa bima? Hilo ningelisema kabla ya salamu.

#10 Tabibu wa Zamu
Nashukuru kwa marekebisho. Mazoea tu.

#11 Mti Mkavu
Mnazunguka mbuyu. Jibu ni imani. Mwaka 2010 nchi nzima ilikwenda Loliondo kwa Babu, kikombe cha dawa shilingi elfu moja, nani aliuliza utafiti? Mtanzania akiamini anakwenda, asipoamini hata umlipe.

#12 Mtoto wa Ngorongoro
Mti Mkavu, ni 2011, na kikombe kilikuwa shilingi 500. Kijiji ni Samunge. Mimi ni wa hukohuko, niliona kwa macho. Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi, watu wanalala ndani ya mabasi na wagonjwa wao, wenye uwezo wanashuka kwa helikopta. Vikombe vya plastiki vinagawiwa dirishani, unakunywa, dereva anasogea. Mti wenyewe ni mugariga, kwa Kiswahili mtandamboo, Wamasai wanauita olamuriaki. Wengine tumekula matunda yake tangu utotoni tukichunga mbuzi.

Lakini kuna jambo ambalo wengi mmelisahau. Mchungaji Mwasapila, huyo Babu mwenyewe, alisema dawa inafanya kazi ikitoka mkononi mwake tu, na kikombe ni kimoja. Ukichemsha mwenyewe mizizi hiyohiyo, hakuna kitu. Wanasayansi waliipima wakaona kwa matumizi yale haina sumu, lakini ile "mkononi mwake" maabara gani itaipima? Mzee alifariki 2021 na swali likabaki hivyohivyo.

Na tusisahau waliokunywa wakaacha ARV. Nilizika jirani.

#13 Hesabu Haidanganyi
Pole sana kwa jirani.

Umegusa penyewe. Mganga anamwambia mgonjwa: utapona. Mchaichai anatakiwa na maadili amwambie: hatujui kama utapona, na hatujui hata kama utapewa dawa yenyewe, kwa sababu kuna makundi mawili na kompyuta ndiyo inayopanga. Hebu jiweke wewe, una kidonda mguuni hakikauki, macho yanafifia, unamsikiliza yupi? Ridhaa ya kweli inaanza na neno "hatujui", na mgonjwa hakutoka nyumbani kwake kutafuta neno hilo.

Swali kwa mleta uzi: kundi la pili mnalipatia nini? Kitu kisicho na dawa?

#14 Mchaichai
Wote wanaendelea na vidonge vyao vya hospitali, hakuna anayeachishwa. Kundi moja linaongezewa dawa ya mzee, la pili linaongezewa plasebo iliyotengenezwa ifanane.

#15 Kungu
Mmeifananishaje? Dawa ya mizizi inanuka nyumba nzima na uchungu wake unakaa ulimini mpaka jioni. Aliyekwisha inywa kwa mzee utamdanganya na maji ya rangi?

#16 Mchaichai
Kungu hapo umetushika. Ya kwanza tuliyotengeneza, akina mama walionja wakacheka palepale. Mmoja akamwambia mwenzake "yako ni chai". Sasa dawa imewekwa kwenye vidonge vya kumeza vya maganda ili isionjwe. Uchungu umefichika, harufu bado kidogo.

#17 Mjukuu wa Mganga
Nilikuwa nasoma tu, lakini hili la maganda limenitoa.

Babu yangu ni mganga, baba yangu ni mganga, mimi ni fundi umeme ila nimechimba mizizi tangu nikiwa darasa la pili. Mti mwingine unachimbwa alfajiri. Mwingine huchukui mzizi wa upande wa machweo. Anayekunywa anapewa masharti: usile hiki, usilale na mkeo siku kadhaa, chupa isiwekwe chini. Ninyi mmechukua mzizi, mmeusaga kwa mashine, mmeutia kwenye ganda linaloyeyuka, halafu mnasema mnapima dawa ya mzee. Mnapima unga wenu. Mgonjwa akiangalia ganda haoni ile dawa aliyosafiri kuifuata, anaona kidonge kama vya hospitali, tena kidonge ambacho ninyi wenyewe mmeshamwambia huenda hakina kitu.

Na kuna la chini zaidi ambalo waganga hawatakwambieni kwenye semina zenye chai na chapati. Wanaogopa dawa itaondoka. Leo amekuonyesha miti mitatu, kesho ina jina la Kilatini na hati ya mtu mwingine. Kwa hiyo kwenye barua anakubali, na uani anawanong'oneza wagonjwa wake: "nendeni mkitaka, mimi simo". Mchaichai, una hakika mzee wako hafanyi hivyo?

#18 Mchaichai
Sina hakika. Mkataba wa kugawana mapato upo, umesainiwa, una mwanasheria. Lakini sijawahi kukaa uani kwake Jumamosi nzima nikasikiliza anachowaambia.

#19 Mpemba Halisi
Assalaam alaykum. Kwetu Zanzibar bila ya sheha, kiongozi wa serikali mtaani, huingii nyumba ya mtu hata kwa dodoso, na vibali vya utafiti wa afya ni vya ZAHRI, taasisi ya huku ya utafiti wa afya, si NIMR. Lakini sheha akikuongoza, mtu anakubali kwa haya, si kwa kutaka. Atatia dole gumba kwenye fomu mbele ya shahidi, wino haujakauka, na kesho haji. Tusihesabu dole gumba kuwa ndiyo ridhaa.

#20 Senene wa Bukoba
Mimi naona tatizo ni dawa kuingia sokoni mapema. Nani ataingia kwenye majaribio akapate plasebo wakati dawa iko duka la pembeni? Mkumbuke Covidex ya Uganda, ya Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Mbarara. 2021 serikali iliipitisha kuwa dawa ya kutibu korona, utafiti wa watu ukaja nyuma. Na sisi 2020 tulifukiza nyungu, tukanywa dawa ya Madagaska iliyofuatwa na ndege, tukanywa na dawa yetu ya NIMRCAF.

#21 Mlinzi wa Vibali
Senene, hoja yako nzuri ila ukweli unyooke. Mamlaka ya dawa ya Uganda mwezi Juni 2021 iliiruhusu Covidex kama tiba saidizi, na ikatamka wazi kwamba si dawa ya kuponya korona. Huku mitaani ndiko ilikogeuka kuwa "imepitishwa". Septemba mwaka uliotangulia, WHO pamoja na Umoja wa Afrika walikuwa wametoa utaratibu wa majaribio ya awamu ya tatu ya mitishamba ya korona. Mwongozo ulikuwepo. Kwa hiyo nakubaliana nawe: ulipofika, watu walishakunywa.

#22 Senene wa Bukoba
Sawa mkuu, nimekuelewa. Ila hujanijibu ataingia nani.

#23 Niliyekuwa Mshiriki
Mleta uzi uliomba waliokataa. Mimi nilikubali, nikamaliza, na sitakubali tena.

Ilikuwa dawa ya asili ya vidonda vya tumbo. Wahudumu walikuwa wazuri, wananiita kwa jina, wanapiga simu kunikumbusha. Nilikwenda kila nilipoitwa. Siku ya mwisho nikapewa sabuni na kanga, nikasaini, wakasema matokeo tutawaletea. Mpaka leo. Sijui nilikuwa kundi gani. Sijui kama dawa ilifaa. Namba niliyopewa haipatikani. Tulikuwa watu kadhaa kutoka mtaa mmoja, na majirani bado wanatuuliza "vipi ile dawa?". Tunajibu nini?

Kwa hiyo usishangae mtaa ukikwambia hapana. Hawakujui wewe, wanatujua sisi.

#24 Mwana wa Kilifi
Hili liwekwe juu kabisa ya uzi.

#25 Kibatari
Nakazia. Na bado nasimama na nauli. Dada hapo juu alikwenda kila alipoitwa kwa muda wake mwenyewe, mwisho kanga. Wapeni watu hela ya siku, mtaona.

#26 Tabibu wa Zamu
Kibatari, kamati za maadili zinakataa malipo makubwa kwa sababu nzuri. Ukimpa mtu asiye na kitu hela nono, ataficha maradhi yake ili apite mchujo. Ataficha figo, ataficha mimba. Halafu dawa imdhuru. Nimeshakutana na mtu aliyekuwa kwenye tafiti mbili kwa mpigo, kila moja haina habari na mwenzake. Kufidia muda wake ni haki, kumnunua ni hatari.

#27 Kibatari
Na nani anaamua mpaka uko wapi? Watu wenye mshahara wakiwa kwenye kikao chenye posho. Hebu liangalie hilo nalo.

#28 Mti Mkavu
Kibatari leo amekula nini? 😂 Mwacheni, ana hoja.

#29 Hesabu Haidanganyi
Niwape mfano unaonipa moyo, kutoka Mali. Watu wa Idara ya Tiba Asili ya Bamako pamoja na wenzao hawakuanza na maabara. Walianza kwa kuuliza familia: mtoto alipougua malaria mlimpa nini, na ikawaje? Katika mimea mingi, mmoja ukajitokeza kuwa na matokeo mazuri kuliko mingine, Argemone mexicana. Wakaenda kwa mganga wa kijiji cha Missidougou anayeitumia, wakamfuata anavyoichemsha, wakaangalia kipimo kipi kinafaa. Ndipo wakafanya jaribio la kulinganisha na dawa mseto ya hospitali, watu 301, matokeo yakatolewa 2010. Hakukuwa na plasebo. Kila mtu alijua anakunywa nini, na wote walipata tiba. Karibu tisa katika kumi ya waliokunywa ya mti hawakuhitaji dawa ya pili, wa dawa mseto wakawazidi kidogo.

Mjukuu wa Mganga, hapo dawa ilipimwa ikiwa majimaji, kwa namna ya mganga, hukohuko kijijini.

#30 Mjukuu wa Mganga
Hiyo ningeiheshimu. Wamekwenda kwake, hawakumwita yeye aje kwao.

#31 Kungu
Lakini bila kuficha nani anakunywa nini, imani itaingia kwenye matokeo. Anayeipenda dawa ya mti atasema amepata nafuu hata kama hajapata.

#32 Hesabu Haidanganyi
Kwa maumivu, usingizi au nguvu za kiume, kweli kabisa. Kwa homa inayopimwa na vimelea vinavyohesabiwa kwenye hadubini, imani ina nafasi ndogo. Sukari nayo inapimwa, ila mtu mwenye imani anaweza kubadili mlo wake na sukari ikashuka kwa mlo. Kwa hiyo kwa Mchaichai hatari ipo.

#33 Bint Saluni
Mbona hakuna aliyewataja watu wa nyumbani? Mchaichai ameandika "nikamuulize mwanangu". Kwangu saluni wanakuja wateja wenye sukari, wanasema wazi: nikianza kwenda hospitali kila wiki na kurudi na bahasha, nyumbani nitaulizwa ninaumwa nini kingine. Wanahofia kudhaniwa wana maradhi mengine. Kwa mganga anakwenda Jumamosi na kapu, anapitia sokoni, hakuna anayemuuliza.

#34 Mchaichai
Dada hili sijawahi kulisikia kikaoni hata siku moja, na nikikumbuka sura zao naona ni kweli. Bahasha yetu ina nembo kubwa.

#35 Msomaji wa Kano
Kuna sababu za watu kuogopa ambazo hazitokani na hadithi. Kano, Nigeria, 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya trovafloxacin kwa watoto. Watoto 200, nusu wakapewa hiyo na nusu dawa ya kawaida, 11 wakafariki kutoka makundi yote mawili. Wazazi wakasema hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Mwaka 2009 kampuni na jimbo la Kano walimaliza kesi nje ya mahakama kwa dola milioni 75. Ile haikuwa mitishamba, lakini anayekimbia fomu hachagui ni ya nini.

#36 Mti Mkavu
Lakini Mchina alijijaribia mwenyewe. Yule mama wa dawa ya malaria aliyepata Nobeli, si alikunywa yeye kwanza?

#37 Msomaji wa Kano
Ndiyo, Tu Youyou. 1972 yeye na wenzake wawili walikunywa dondoo ya mmea wa dawa hiyo chini ya uangalizi hospitalini, ndipo wakaenda kwa wagonjwa 21 kisiwani Hainan. Nobeli ikaja 2015. Siku hizi kamati haitakukubalia kirahisi ufanye hivyo, lakini ukiwa mtaani swali utakaloulizwa ni lilelile: "wewe umeinywa?"

#38 Mchaichai
Nimeulizwa mara nyingi. Sina kisukari, kwa hiyo hairuhusiwi. Nikisema hivyo wanatazamana.

#39 Shangazi wa Chumbageni
Mnasahau Tanga yetu. Miaka ya 1990 madaktari wa hospitali ya Bombo na waganga wa huku mpaka Pangani walifanya kazi pamoja kwenye UKIMWI, kupitia kikundi cha TAWG. Mganga anaona mgonjwa anampeleka hospitali, hospitali nao hawamdharau mganga. Watu walikwenda kwa sababu waliona wawili wale wanakaa benchi moja. Mchaichai, mzee wako yuko kwenye benchi lenu au yuko kwenye barua tu? Mwiteni akae pale mapokezi, watu wamwone.

#40 Hesabu Haidanganyi
Shangazi kwa heshima, hapo nitakupinga. Mzee akikaa mapokezi, mgonjwa wake atamkataliaje? Anamtegemea. Hiyo ridhaa inakuwa ya kumridhisha mzee, kama alivyosema Mpemba kuhusu sheha. Mtu anayefaidika na dawa asiwe ndiye anayewaingiza watu.

#41 Mjukuu wa Mganga
Na daktari je? Mgonjwa wa kliniki anaombwa aingie utafiti na daktari huyohuyo anayemwandikia dawa kila mwezi. Huyo hamtegemei? Mbona mganga ndiye anayetolewa nje?

#42 Tabibu wa Zamu
Ndiyo maana kanuni inataka ridhaa ichukuliwe na mtu mwingine, si daktari wake. Haifuatwi kila mahali, hilo nakubali.

#43 Niliyekuwa Mshiriki
Mimi nina swali moja tu kwa Mchaichai. Kwenye utafiti wenu, matokeo yatasomwa mtaani lini, na nani atayasoma?

#44 Mchaichai
Nimefungua andiko la mradi nikaangalia. Limeandikwa kwamba matokeo yatawasilishwa wizarani na kuchapishwa kwenye jarida. Mtaa haukutajwa. Jumatatu tuna kikao, nitaomba liongezwe lirudi kamati ya maadili, pamoja na bahasha isiyo na nembo na safari ya maabara. La fidia ya siku nitalisema, ingawa najua litapigwa. La mzee kukaa mapokezi sitalipeleka, sijaamua niko upande gani. Jumamosi nakwenda kukaa uani kwake.

#45 Kibatari
Likipigwa la fidia lete majina humu 😂

#46 Shangazi wa Chumbageni
Mwache mwenzio afanye kazi. Tabibu, samahani natoka nje ya mada: dada yangu anakunywa vidonge vya sukari na maji ya mlonge kila asubuhi, na juzi alitetemeka akatoka jasho sokoni. Ndiyo nini?

#47 Tabibu wa Zamu
Shikamoo shangazi. Inaelekea sukari ilishuka mno. Vikitumika pamoja vinaweza kuishusha kupita kiasi. Akitetemeka tena apimwe palepale kama kimashine kipo, na kiwepo kisiwepo apewe haraka kitu chenye sukari, soda ya kawaida au maji ya sukari. Asiache vidonge kwa uamuzi wake. Aende kliniki wiki hii na huo mlonge wake mkononi, aseme anakunywa kiasi gani.

#48 Shangazi wa Chumbageni
Anaogopa kufokewa.

#49 Tabibu wa Zamu
Mwambie aniulizie mimi. Nakutumia siku zangu za zamu pembeni.

#50 Mjukuu wa Mganga
Mchaichai, Jumamosi ukienda uani, nenda mapema kabla jua halijapanda, ukae na wagonjwa, usikae na mzee. Na hilo la maganda bado sijakubali.